Samaki Aliyerudi Mtoni

Nikishika samaki wa kugandishwa dukani kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, huku ugenini, vidole vyangu vinakumbuka mto. Nilikuwa mdogo. Baridi iligandisha uzi wa ndoano, nami nikaupulizia pumzi. Papa, baba yangu, alikuwa amemwahidi Maman samaki mbichi, kama wa ziwa la kwetu, Kivu. Mwishowe akavua mmoja mnene.

Mzee Mzungu aliyevua karibu nasi akasema kwa upole, "Monsieur, hapa tunawarudisha majini."

Papa akanigeukia. "Alors, wanavua ya nini?"

Alimtazama samaki kwa muda mrefu, kisha akamwachilia majini.

Nyumbani, Maman alikuwa ameshatwanga pilipili. Papa akamnyooshea mikono mitupu, bado inanuka samaki. "Nusa kwanza."

Maman akainusa taratibu, akafumba macho. Tulikula fufu kwa pilipili tupu, na Maman hakulalamika.