Mpira Uliookoka

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninyamaze. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka mtaani kwetu Mbotela kwa miguu alfajiri nikiwa nimevaa viatu vya kaka yangu, nikafika lango la nyuma la klabu ya gofu na jasho mpaka mgongoni. Kedi Masta, yaani msimamizi wetu sisi wabeba mifuko, alikuwa mzee mnene aliyestaafu kutoka reli, na aliongea na watu kama anayepanga mabehewa. Aliangalia viatu kwanza, uso baadaye.

"Hapa utabeba mfuko, utatafuta mpira, utaosha mpira," akasema. "Mkubwa akikuuliza mpira wake ukoje, sema ni mzuri. Maoni waachie wenyewe."

Nilidhani ananitania. Si mpira ni mpira tu? Loo, nilikuja kujua. Watu wazima, wenye magari na watoto chuo kikuu, niliwaona wakinuniana mwezi mzima kwa sababu ya kitu kisichojaza kiganja.

Wakati ule mipira ilikuwa ya aina mbili. Ule wa bei ya kawaida ulikuwa na ngozi ngumu kama kwato. Ukiupiga unakwenda mbali, lakini ukianguka kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo, unakimbia kama kuku aliyeona kisu. Ule wa bei kali ulitoka ng'ambo. Ngozi yake ilikuwa laini, na ndani umezungushiwa uzi mwembamba wa mpira, mzunguko juu ya mzunguko. Wenyewe waliapa kwamba huo unasikia mkono na kusimama pale ulipotumwa. Ubaya wake, ukiupiga vibaya mara moja tu, chuma cha kupigia kinaukata na kuuachia mdomo. Mkato huo tuliuita kicheko, maana mpira unakucheka wewe uliyeununua.

Na kulikuwa na wa tatu, ambao hakuna mkubwa aliyekiri kuutumia. Mipira migumu iliyopotea mtoni iliokotwa, ikapelekwa kwa fundi mmoja Kariobangi, akaisugua na kuipaka rangi nyeupe. Ndani ya rangi alitia bluu kidogo, ile ya kufulia nguo, ili kuficha umanjano wa uzee. Halafu iliuzwa barabarani kama mipya. Wengi wetu makedi tulikuwa watu wa kanisa kutoka magharibi mwa nchi, na jina tuliloupa mpira huo lilikuwa utani wetu wenyewe. Tuliuita mpira uliookoka, kwa vile umepita majini ukatoka na kanzu nyeupe.

Tulicheka, lakini hakuna neno tuliloliogopa kama hilo. Kedi akishukiwa kwamba ameuza mpira wa mkubwa na kumwekea uliookoka, alivuliwa beji ya kazi. Na ukivuliwa beji klabu moja, klabu nyingine zote zilikuwa zimesikia kabla hujafika langoni kwao.

Mimi nilimbebea Mhandisi kwa miaka mingi. Jirani yangu wa Mbotela, Shem, shemasi wa kanisa letu na baba wa watoto wanne, alimbebea Daktari. Wakubwa hawa wawili walikuwa marafiki, na ugomvi wao ulikuwa mmoja tu. Daktari alisema mpira mgumu ni wa kuvunjia madirisha, na mtu anayejiheshimu hawezi kuupiga. Mhandisi naye alisema kununua mpira wa bei kali kwa mchezo wao ule ni sawa na kuoga mtoni kwa sabuni ya wageni. Waliendelea hivyo shimo baada ya shimo. Mimi na Shem tulitembea nyuma tukiangalia mawingu.

Basi mwaka mmoja wakakutana fainali ya kombe la klabu. Kapteni wa klabu, mwanasheria mkavu asiyecheka, alitembea nao kama mwamuzi. Siku hiyo hawakutaniana. Hata salamu yao asubuhi ilikuwa ya kusukumana.

Katikati ya mchezo Daktari alipiga vibaya, mpira wake mpya ukapata kicheko. Akanyoosha mkono bila kugeuka, na Shem akatoa mwingine kwenye soksi. Ilikuwa desturi yetu kubeba mipira ya mkubwa kwenda nayo nyumbani, kuiosha, na kuirudisha ndani ya soksi safi. Daktari aliupiga huo mpira ukasimama karibu na shimo, akamwambia Mhandisi kwa sauti ya kusikika mbali, "Umeona? Huu ukiitwa unasikia. Wako ungekuwa umefika barabarani."

Akarudia maneno hayo mashimo mawili yaliyofuata. Mhandisi wangu alikuwa amekaza taya. Kufikia shimo la kumi na sita walikuwa sawa kabisa, na mipira yote miwili ikalala kwenye grini, kandokando. Hapo ndipo tofauti ilipoonekana. Wa Mhandisi ulikuwa mweupe. Wa Daktari ulikuwa na rangi ya maji ya bluu.

Mhandisi akainama, akatazama, akauliza taratibu, "Daktari, mpira wako umeokoka?"

Sijui neno letu alilitoa wapi. Labda kwangu, sikumbuki. Lakini Daktari alilijua. Aliuinua mpira, akaugeuza, na uso wake ukabadilika. Akamwambia Shem kwamba ameuza mpira wake na kumpa takataka ya Kariobangi siku ya fainali. Akamgeukia Kapteni na kudai beji ivuliwe pale pale.

Shem alisimama na mfuko begani, hasemi kitu. Nikajiambia, sema basi, ndugu yangu, sema chochote. Niliogopa kwamba kunyamaza kwake kutamhukumu.

Kapteni hakupandisha sauti. Aliuliza, "Ni mpira huu huu uliotusifia mashimo matatu?"

Daktari akasema ndiyo.

"Kama ni wa bandia, hukuweza kuutambua. Kama sifa ulizoupa ni za kweli, basi kijana hajakuibia. Chagua."

Daktari hakuchagua. Alisema tu kwamba yeye anajua mipira, na kwamba makedi wote ni wamoja. Ndipo Shem akafungua mdomo kwa mara ya kwanza, kwa adabu, macho yakiwa chini. "Mkubwa, ukatwe."

Karibu na grini ile palikuwa na banda la vinywaji. Mpishi wake alitumwa kisu. Kapteni akauweka mpira juu ya kibao cha kukatia ndimu na kuukandamiza. Ngozi ilipopasuka, uzi ulichomoka pande zote, unarukaruka kama kitu kilicho hai. Ulikuwa mpira wa ng'ambo, wa bei kali, uleule alioununua Daktari kwa mkono wake.

Nikamtazama Daktari nikingoja neno moja. Nyinyi mngengoja lipi? Alisema, "Sasa umeniharibia mpira mzuri, Kapteni."

Hayo tu. Nilikasirika mpaka leo nikikumbuka sikio langu linawaka. Mtu amekaribia kumwondolea mwenzake chakula cha watoto wanne, na msiba wake ni mpira.

Wakatoa mpira mwingine na mchezo ukaendelea. Shimo hilo na la kumi na saba wakatoka sare. La mwisho, Mhandisi alimaliza, na Daktari akabaki na pigo fupi la kusawazisha. Akikosa, kombe limekwenda. Kazi ya kedi hapo ni kuchutama nyuma ya mpira, kusoma mteremko na kumwambia mkubwa alenge wapi. Nyasi zile Shem alizijua kama ukuta wa nyumba yake.

"Shem, inaelekea wapi?" Daktari akauliza.

Shem alichutama kama siku zote. Hakuharakisha. "Inashuka kushoto, mkubwa. Lenga nje kidogo, upande wa kulia."

Mimi nilikuwa upande wa pili, nikauona mteremko ule ule. Alisema kweli tupu. Lakini Daktari alimtazama Shem kwa muda mrefu, na nikaona wazi anachowaza: huyu nimemtukana, huyu atalipiza. Akasogeza miguu yake. Akalenga kushoto. Mpira ukapita chini ya shimo bila hata kuligusa.

Jioni, barazani, tulimsikia akiwaeleza wenzake. Alisema ni mpira. Ule wa kwanza, ule uliokatwa, ungeingia. Wakubwa wakatikisa vichwa, wakaanza upya kubishana juu ya laini na ngumu. Shem alikuwa bombani hatua chache kutoka pale, anamwoshea vyuma.

Tukirudi nyumbani kando ya Jogoo Road nilimuuliza kwa nini alimwambia ukweli mtu kama yule. Akanijibu, "Si aliniuliza?"

Baadaye nilipanda nikawa Kedi Masta mwenyewe, nikakaa kwenye kiti kile cha yule mzee wa reli mpaka nikastaafu. Sasa naishi Kayole, goti moja halitaki ngazi. Vijana wanaobeba mifuko hunijia kuniuliza ni mpira gani unastahili bei yake. Nawaambia yote ni mizuri. Wananiona mzee nimechoka. Siku hizi mipira imebadilika, ule wa uzi hautengenezwi tena, lakini ukikaa karibu na baraza la klabu yoyote utasikia ubishi uleule, kwa sauti zilezile.

Jambo la bluu sikuwahi kulisema popote. Mama Rodah, mke wa Shem, tulimzika mwaka jana, ndiyo maana nalisema leo. Jioni ile ya fainali niliingia kwao kunywa chai. Koti jeupe la Shem la kazini lilikuwa limeanikwa kambani, linang'aa, kwa sababu yule mama alilisuuza kwa maji ya bluu kila wiki. Juma hilo alikuwa ameona soksi ya mipira mezani, na kwa wema wake akaitumbukiza nayo ndani ya beseni. Mizima ilitoka kama ilivyoingia. Mmoja, uliokuwa umechubuka ngozi, ukanywa rangi kama kitambaa. Shem alikuwa amejua tangu pale kwenye grini, na ndiyo maana alinyamaza, asije akamtaja mkewe mbele ya wakubwa.

Mama Rodah akatumiminia chai, akamuuliza mumewe kama mkubwa aliona jinsi mpira wake ulivyong'aa.

"Aliuona, mama," Shem akasema. "Wote waliuona."