Umeme wa Kupumulia

Umeme ulipofika Nangwa, kijijini kwa baba, watu walichinja mbuzi. Mimi sikushangilia. Nilikuwa nauza mahindi na maharage sokoni Katesh, ambako umeme tuliupata kabla yao, na nilishajua kwamba nguzo ni jambo moja na umeme ni jambo jingine. Upepo ukishuka kutoka mlimani, unakatika. Mvua ikinyesha, unakatika. Kuna siku anga ni jeupe na jani halitikisiki, unakatika tu, na ukipiga simu kuuliza unaambiwa mafundi wako njiani. Nadhani wako njiani mpaka leo.

Kwa wengine ilikuwa kero ya kawaida. Kwetu lilikuwa suala la baba kupumua. Baba alikuwa na pumu, na kila mwaka ilimbana kuliko mwaka uliopita. Daktari akatuambia tutafute ile mashine ndogo inayogeuza dawa kuwa mvuke, aivute kwa barakoa nyumbani kifua kinapoanza kubana, asisubiri mpaka apelekwe hospitali. Tukaitafuta, tukaipata. Lakini mashine ile haina betri ndani yake, inachomekwa ukutani. Baba alikaa Nangwa na wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa Mererani akichimba mawe ya thamani asiyoyapata. Kila umeme ulipokatika wifi alinipigia simu, na mimi niliacha magunia yangu wazi sokoni nikatafuta bodaboda huku nimepiga moyo konde.

Nikaamua kununua umeme wa jua. Siyo wa nyumba nzima, huo sikuuweza. Wa mashine ya baba tu.

Katesh ilikuwa na maduka ya sola kila kona. Hizo ndizo zama tulizoambiwa biashara imefunguliwa, kila mtu alete anachotaka, na kweli wakaleta. Niliona paneli mbili zinalingana kwa upana na urefu, moja imebandikwa karatasi ya wati nyingi, nyingine ya wati kidogo, na muuzaji ananiapia kwa Mungu kwamba karatasi zote zinasema kweli. Duka la kwanza nililoingia, kijana aliniuliza, "Mama, TV yako inchi ngapi?" Nikamwambia sina TV. Akasema, "Utanunua." Akaendelea kunionyesha seti yenye redio na taa za rangi. Duka la pili walitaka kunipa betri ya gari. Betri ya gari niliijua. Kinyozi mmoja jirani yangu sokoni aliinunua kwa sababu ni rahisi, ikamfia mapema. Betri hiyo kazi yake ni kuamsha injini na kupumzika, ukiinyonya polepole kila siku unaiua.

Duka la tatu lilikuwa la mama mmoja Mwislamu, ambaye familia yake ilikuwa na duka Katesh tangu sijazaliwa. Huyo aliniuliza swali la maana: unataka kuwasha nini, na kwa muda gani? Nilikuwa nimeibeba mashine yenyewe nimeifunga kwenye khanga. Tukaichomeka kwenye inveta ya bei poa, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ikanguruma na kupata joto mpaka nikaogopa. Tukaichomeka kwenye nyingine, ndogo lakini ghali kidogo, ikatulia kabisa. Nikachukua hiyo ya pili. Kwenye betri alinifundisha kuzinyanyua, maana betri nyepesi ndani yake hakuna kitu. Nilinyanyua betri zake zote mpaka mgongo ukalalamika, nikachagua nzito.

Tukapiga hesabu pamoja. Mashine ya baba, taa moja, na akiba ya siku mbili za mawingu. Basi. Sikununua cha ziada kwa sababu sikuwa na uwezo wa cha ziada. Niliporudi Nangwa na fundi, nilijisikia mtu mwenye akili. Baba alikaa kwenye kigoda chake akamwangalia fundi juu ya bati, akasema, "Sasa na sisi tuna umeme wetu." Laiti ningeyasikiliza vizuri maneno hayo. Mimi nilisikia shukrani tu.

Umeme wa nguzo ulipokatika mara ya kwanza, dirisha letu peke yake ndilo lililokuwa na taa. Asubuhi jirani akabisha hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, simu imezima na mtoto yuko shule huko Babati. Naomba nichomeke kidogo."

"Chomeka, mwanangu."

Kwetu moto haukatazwi. Nilipokuwa mdogo, ukiamka ukakuta majivu yamepoa unakwenda kwa jirani na kigae, unapewa kaa la moto, unarudi. Huulizwi jana ulifanya nini na kuni zako. Mtu anayenyimwa moto ni yule ambaye watu wameshakaa kikao wakamtenga kwa kosa kubwa, hasalimiwi, mbuzi wake hawachanganywi na wa wengine. Sisi wote tulikua tukijua hivyo. Ila mimi, na hesabu zangu zote za wati dukani kwa yule mama, sikufikiri hata kidogo kwamba kwa baba yangu umeme ule nao ulikuwa moto.

Wakaja. Simu za Nangwa nzima zililala sebuleni kwa baba kama mahindi yaliyoanikwa. Mtu mmoja alileta ekstensheni yake mwenyewe ili wenzake wapate nafasi. Mwingine alileta mashine ya kunyolea, akanyoa watu uani kwetu, na baba akamtaka amnyoe na yeye. Wifi alinieleza kwenye simu huku ananong'ona. Alipojaribu kuwazuia, baba alimkemea mbele yao. Nilikwenda, nikamkalisha, nikamweleza habari ya betri tangu mwanzo. Aliniitikia vizuri, ndiyo mama, ndiyo mama. Nilipofika barabarani nikapishana na mtu ana simu mbili mkononi.

Mvua za mwaka ule zilikuja na mawingu mazito. Mlima tuliusahau sura. Umeme ulikatika na mawingu yakabaki, na watu wakaendelea kuja kuchaji. Mchana mmoja kifua cha baba kikabana. Wifi akaweka dawa, akamvalisha barakoa, akawasha. Inveta ililia kidogo ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Simu zilikuwa bado zimechomekwa. Walimbeba kwenye bodaboda mpaka Katesh, wifi nyuma amemkumbatia asianguke, kwenye tope lile. Nilipomwona hospitalini midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Madaktari walimrudishia pumzi kwa shida.

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Kabla hajaruhusiwa, nilimwita fundi, tukajenga kisanduku cha bati kuzunguka betri na inveta na soketi yake, nikatia kufuli. Ufunguo mmoja kwa wifi, mwingine kwangu. Jirani wa kwanza aliyekuja na simu nilimjibu mimi mwenyewe, mlangoni, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wenzake. Nilimwambia kilichomo humu ni pumzi ya baba yangu, na anayeitaka aje aniambie usoni kwamba anaitaka. Aliondoka na simu yake.

Hakurudi. Wala wengine hawakurudi. Nilifurahi, na betri ilijaa kila siku, na baba alivuta dawa yake kila alipotaka. Ilinichukua muda kugundua kwamba hawakuacha kuchaji tu. Waliacha kusalimia. Waliacha kupita uani kwenda kisimani, wakazunguka kwa juu. Wazee wenzake walikunywa pombe ya mtama kwa mwingine, hawakumtumia mtoto kumwita. Hakuna aliyekaa kikao, hakuna aliyesema lolote. Nyumba inayonyima moto wanajua namna ya kuishi nayo, wanaiacha ikae na moto wake.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kigoda akiangalia njia, anapumua vizuri kabisa. Siku moja nimemletea sukari akaniambia anahamia Balangdalalu, kwa mdogo wake.

Nilimwambia, "Baba, kule hakuna umeme hata nguzo moja."

"Najua."

"Basi nitahamisha sola yote. Fundi ataifunga kule."

Akanitazama kwa upole, jambo ambalo bado linaniuma.

"Mama, ukiileta sola utaleta na kufuli," akasema. "Niache niende."

Alikwenda na dawa zake za kupuliza mdomoni na blanketi. Mashine aliiacha juu ya kisanduku. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta amezungukwa na watu, anakohoa, anasimulia habari za ng'ombe waliokufa zamani, kila mtu anacheka. Hakuniuliza habari za Nangwa. Nilirudi nimenuna njia nzima.

Alifariki msimu wa baridi, kifua kilimbana asubuhi na hospitali ilikuwa mbali. Msibani walijaa watu, wa Balangdalalu na wa Nangwa pia, wale wale wa simu. Mmoja wao alinishika mkono akanipa pole, akasema mzee alikufa vizuri, hakuwa peke yake. Alisema kwa nia njema. Nikautoa mkono wangu. Mimi nilimtaka baba awe hai, hata kama ni peke yake, hata kama haongei na mtu, hata kama ananichukia. Naye alijua hivyo, ndiyo maana aliniaga kwa upole.