Sikio la Ng'ombe Kwenye Maonyesho ya Nairobi

Likizo hii nilikwenda Nairobi kutazama sikio la ng'ombe. Wenzangu darasani nilipowaambia walisema nimeanza tena. Basi naandika safari yote, na asiyeamini aende Kimulot akamwulize Arap Chumo, ila abebe fimbo, maana mbwa wake hawaulizwi kitu.

Sababu ilikuwa hii. Baba yangu mdogo, Arap Mitei, anakaa karibu na Chebunyo, mahali ambapo kiangazi kikija hata mbuzi wanafikiria kuhama. Kwa hiyo alimpeleka ng'ombe wake mmoja mwekundu kwa rafiki yake Arap Chumo kule Kimulot, kwenye majani mwaka mzima. Sisi tunaita kimanagan: wewe unafuga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki wangu. Alipokwenda kumchukua, Arap Chumo akasema yule wa kimanagan alikufa, na huyu mwekundu aliye hapa ni mwingine, amenunua sokoni. Ngozi ya aliyekufa iko wapi? Fisi walikula.

Ukoo wetu huwatia ng'ombe alama ya pengo kwenye ukingo wa chini wa sikio la kushoto. Lakini sikio la kushoto la ng'ombe huyu lilikuwa limeraruliwa na seng'enge ya shamba la chai, likabaki kama jani lililokutana na kiwavi. Wazee wa kokwet, ndilo baraza letu, walisikiliza mpaka ugoro ukawaishia. Wakasema shahidi asipopatikana, wote wawili wataapa. Mimi huchekea vitu vingi lakini si kiapo chetu, kwa sababu aliyeapa uongo hufa yeye pamoja na watoto wake. Hata baba mdogo aliogopa. Aliniambia kando, "Nina uhakika ni yangu. Lakini ng'ombe wekundu ni wengi, na watoto wangu ndio hao tu."

Hapo akasimama mpishi wa memsahib mmoja, bibi wa Kizungu wa shamba la chai. Akasema memsahib wake alimchora ng'ombe huyo kwa rangi kabla hajararuka sikio, na picha imepelekwa Nairobi kwenye maonyesho maalumu, katika jumba kubwa la makumbusho. Yakiisha, itapanda meli kwenda Ulaya. Wazee wakaamua waende wote wawili, wakatazame pamoja. Mimi nikatumwa kama mkalimani. Kiingereza changu si kizuri, lakini wanaokijua vizuri wana adabu sana, wakiongeleshwa na Mzungu hunyamaza.

Kutoka Kericho tulipanda lori la chai hadi Kipkelion, wazee wamekaa juu ya magunia, kila mmoja na upande wake, mimi katikati kama mpaka wa shamba. Stesheni, Arap Chumo alifungua kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akanisogezea.

"Usinywe," baba mdogo akasema. "Hayo ni maziwa ya ng'ombe yangu."

"Kama ni ya ng'ombe yako, mbona unamkataza mtoto wako?" akauliza Arap Chumo.

Baba mdogo alifikiri jibu mpaka gari la moshi likafika. Mimi nilikuwa nimeshakunywa.

Nakuru askari waliingia kukagua vipande. Siku hizi za Hali ya Hatari wanakagua hata mifuko ya watoto, wakiwasaka waliokula kiapo cha msituni. Wazee wangu wakachagua wakati huo kugombana, tena kwa Kiswahili, ili behewa lote lisikie.

"Tukirudi bila kuona, utakula kiapo," akasema baba mdogo.

"Nitakula. Na wewe utakula."

Askari akageuka polepole. "Nani amekula kiapo?"

"Bado hawajala, afande," nikasema. "Ni cha ng'ombe."

Ilibidi nieleze kesi yote, kuanzia kiangazi cha Chebunyo. Nilipofika kwenye fisi, askari, ambaye kwao pia wanafuga, alimtazama Arap Chumo akasema, "Mzee, fisi wa kula ngozi yote bila kubakiza mkia, mimi sijamwona." Akaenda zake. Arap Chumo alitazama nje hadi Naivasha.

Nairobi tulifika asubuhi, tukauliza njia mpaka kwenye jumba lenyewe. Mlinzi wa mlangoni alitutazama miguu kwanza.

"Mnataka nini?"

"Tumekuja kuona ng'ombe," baba mdogo akamwambia.

"Ng'ombe wako machinjioni."

Nikamweleza ni ng'ombe wa kuchorwa. Akatuambia tufute miguu, tusiguse kitu, tusiteme mate. Ndani kulikuwa kimya kama kanisani kabla ya sadaka. Wazungu walitembea polepole, mikono nyuma, wakisimama mbele ya kila picha kama wanaosubiri ianze kuongea. Kulikuwa na picha moja ya rangi tupu, bila mtu wala mti. Arap Chumo akasema huyu alimwaga. Nyingine ilikuwa na ng'ombe wanene wa Ulaya, na wazee wangu, kwa mara ya kwanza tangu Kericho, wakakubaliana jambo: hao wana minyoo.

Ng'ombe wetu alikuwa kwenye ukuta wa mwisho, mkubwa kama mlango, nyuma yake nyumba ya Arap Chumo na moshi wake. Wazee walimwendea kama wanavyomwendea ng'ombe wa kweli, mpaka pua zikakaribia kugusa. Hawakuona sikio. Waliona madonge ya rangi, nyekundu, nyeusi, hata kijani.

"Huyu mama amepaka matope," baba mdogo akasema.

"Wazee, rudini nyuma!" mlinzi akasema.

Walirudi hatua kadhaa, wakageuka. Madonge yakawa sikio. Na ukingoni chini, kwenye sikio la kushoto, palikuwa na pengo.

Arap Chumo alikaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Ni yake," aliniambia mimi, si baba mdogo. "Aliyekufa alikuwa yangu. Nilibaki na huyo mmoja tu wa maziwa, na mke wangu alikuwa amejifungua. Nikaona kifo nimpe ng'ombe ya Arap Mitei."

Tungeondoka hapo, habari ingekuwa fupi. Lakini memsahib mwenyewe alikuwemo ndani na wageni wake. Alimtambua Arap Chumo, akaja kutusalimu, akafurahi kwamba tumetoka mbali kuona kazi yake. Mimi, kwa kidomo changu, nikamsifu kwa Kiingereza, hasa sikio. Akacheka. Akasema ng'ombe alikuwa akitikisa kichwa kwa nzi, hakuweza kuchora masikio, akayamalizia nyumbani kwa kubuni. Hilo pengo, brashi iliteleza. Likampendeza, akaliacha.

"Anasema nini?" baba mdogo akauliza.

Ningeweza kusema anatusalimia. Pale hapakuwa na Mkipsigis mwingine aliyejua Kiingereza. Nilimtazama Arap Chumo na kofia yake mkononi. Nikatafsiri yote, mpaka nzi.

Baba mdogo alinitazama kama niliyemfungulia chui zizi. Arap Chumo alitazama tena lile sikio.

"Kumbe huyu mama hata hakuliona," akasema. Kisha akavaa kofia. "Arap Mitei, mimi sikuambiwa na picha. Nilijua tangu Kimulot. Twende."

Kurudi, baba mdogo hakunisemesha mpaka Kipkelion. Hapo akaninunulia chai na mkate, bila maneno, nikajua yameisha.

Kimulot, mbele ya kokwet, Arap Chumo alisema mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeapa. Mzee mmoja akaniuliza kama sikio lilikuwepo kweli kwenye picha. Nikasema lilikuwepo, ila la uongo. Akataka kujua basi tulilipa nauli ya nini.

Nilichojifunza ni kwamba mkalimani akitafsiri vizuri hapendwi na upande wowote kwa siku mbili hivi, halafu hununuliwa chai. Baba mdogo alimchukua ng'ombe wake. Ndama jike aliyezaliwa na ng'ombe huyo akamwacha kwa Arap Chumo, kimanagan, kwa ajili ya mtoto mchanga. Lakini kwanza alimkata pengo, wazee wote wakitazama, kwenye masikio yote mawili.