Kaka Seif na hitima ya mtu aliye hai

Akili yangu bado inakataa, jamani. Kaka Seif ametutoka juzi asubuhi hapa Sydney, akiwa usingizini.

Wengi mlimjua kama mzee wa kuendesha forklift ghalani kule Seven Hills. Hamkujua kwamba alikuwa golikipa Tanga, kati ya wa kwanza kulipwa mshahara kwa kudaka mpira. Halafu vita vya Kagera vikaja, akavaa gwanda.

Nilikutana naye miaka ya tisini, mimi mwanafunzi wa chuo hapa Kensington mwenye njaa ya kudumu. Alinipikia sana. Lakini ukimwita uwanjani Jumapili tucheze mpira, anasingizia kazi ya overtime.

Sababu ilikuwa Mrisho, winga wa kushoto wa timu yao ya Tanga, mtu wa Ujiji. Kule vitani Mrisho alikuwa anaumwa mguu, Seif akampisha kiti chake kwenye lori. Lori likapigwa. Wakaambiwa hakupona mtu.

Hakuthubutu kuwaandikia wazazi wa Mrisho hata mstari mmoja. Alichoweza ni kumsomea hitima kila mwaka, nyumbani kwake Fairfield, na pilau la kulisha mtaa.

Mwaka mmoja alimkaribisha jirani mpya, Ilunga, Mkongo aliyepitia kambi za wakimbizi za Kigoma. Ilunga aliposikia jina la marehemu, na kwamba alikuwa winga wa Ujiji, aliweka kijiko chini.

"Mrisho wa mguu wa kushoto? Huyo iko Ujiji. Alitufundisha mupira kule camp."

Seif alikasirika kweli, akaona anadhihakiwa. Hata mimi nilinuna, nakiri. Wiki mbili baadaye Ilunga akaleta namba ya simu ya duka moja Ujiji. Nilibonyeza mimi, golikipa wetu akinisomea tarakimu moja moja.

Mrisho alitueleza kwamba lori lilipopigwa alirushwa nje, akaokotwa na kikosi kingine, kisha akasikiliza habari yetu yote mpaka mwisho. Akauliza, "Miaka yote hiyo mnakula pilau langu, mimi sijaonja?"

Kaka Seif aliketi sakafuni jikoni, akacheka huku analia. Jumapili iliyofuata alisimama golini. Tukafungwa sita, na sijawahi kumwona mtu ana raha vile.

Kaka, karibu miaka ishirini ulijiita muuaji, kumbe ulikuwa umempisha mgonjwa akae. Naumia, lakini moyo wangu umetulia kwa sababu uliondoka unalijua hilo.

Mrisho ameniambia kesho anakusomea hitima mwenyewe, msikitini kwao Ujiji. Lala kwa raha, kaka yangu.