Kahawa Iliyopoa Qurayyat

Harufu ya udi bado hunibana kifua. Mtu akitia chetezoni, mimi hutazama kwanza mlango uko wapi. Nyumbani kwetu Qurayyat, pwani ya Waarabu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Mama alifukiza udi kila walipokuja watu kuitazama nyumba yetu, na walipokuja, mimi na Bibi tulifungiwa chumbani.

Baba alifanya kazi Ruwi. Aliondoka kabla ya jua, akapita milimani, akarudi macho mekundu. Ansab, karibu na kazini kwake, tulikuwa na pa kuhamia, lakini kwanza nyumba hii iuzwe. Haikuuzika. Kila mnunuzi Baba alimtia ila: huyu atakata mitende, huyu ana maneno mengi. Ukweli ni kwamba hakuthubutu kumng'oa mama yake. Nami niliomba dua tusihame, kisha nikaogopa kwamba dua zangu ndizo zinazomchosha.

Siku hiyo alikuja mfanyabiashara wa samaki wa mtaa wa pili. Bibi aliniambia nikae juu ya sanduku lake. Nikakaa, jasho likinitiririka, jicho kwenye ufa wa mlango. Mgeni alimiminiwa kahawa, akaiweka chini mkekani bila ya kuionja. Akamtazama Baba. Nilidhani kikombeni mna mdudu.

Kwetu sisi wa Unguja, kahawa ni kahawa. Kwa jirani zetu Waarabu, mgeni akiiweka chini ana haja, na hainywi mpaka akubaliwe. Ukimwambia anywe, umeshampa. Ukimwachia hivyo, umemvunjia heshima. Baba aliyajua hayo. Alibaki akipangusa goti lisilo na vumbi.

Mara Bibi, ambaye Kiarabu chake alikionea haya mbele ya watu, akachungulia juu ya kichwa changu, akapaza sauti kwa Kiarabu hichohicho: "Kunywa, mwanangu, inapoa!"

Mgeni akacheka, akanywa. Nyumba ikawa imekwenda.

"Mama! Umeuza nyumba kwa kikombe cha kahawa!" Baba alilalama mgeni alipoondoka.

"Mgeni anyimwe kahawa? Mambo yenu hayo miye nnayajulia wapi!"

Kwa miaka mingi tulikicheka kisa hicho Ansab: Bibi na adabu zake za Kiunguja. Alicheka nasi mpaka alipofariki.

Sasa nimemaliza chuo, nimepata kazi mbali, na kwa wiki nzima nimekuwa nikipanga begi na kulipangua, nikijiuliza nani atabaki na Mama. Juzi begi liligoma kufunga. Nikalikalia, na papo hapo nikaikumbuka misumari ya ukutani kwa Bibi siku ile ya kahawa, mitupu, bila hata kanga moja.

Hakunikalisha pale nichungulie. Sanduku lilishajaa nguo zake, kifuniko hakikukubali kushuka, naye alihitaji mtu wa kukikalia kabla mgeni hajabisha hodi.