Mahali pa Kushika

Kabla ya kutoboa benchi lolote la bustani, fundi hulikalia kwanza. Hujibwaga kama gunia, huguna, kisha huinuka taratibu akiegemea ukingo, na pale viganja vyake vilipotua huchora chaki. Wapita njia humpa pole ya kiuno. Yeye huitikia tu, "Asante, tumezoea." Kiuno chake kizima kabisa. Ila benchi la kwanza alilijaza vinundu vya chuma ukingo mzima, ili vijana wa mbao za magurudumu waache kuserereka juu yake na kumega zege. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa hapo akatafuta pa kushika ainuke, akakosa. "Baba, kwani na mimi naserereka?" aliuliza, mkono ukiwa hewani. Tangu siku hiyo, penye chaki fundi haweki kinundu. Jana binti mmoja wa mbao hizo, mguu umefungwa plasta, alikaa kwenye benchi mojawapo akavitukana vile vyuma mpaka akachoka. Kisha akapapasa ukingo, akapata mahali pasipo na kinundu, akashika, akainuka. Fundi, aliyekuwa akimtazama kutoka benchi la jirani, aliinama, akaendelea kupuliza vumbi kwenye drili yake.