Kucha za Mkono Uliolala

Kucha ilivunjika Alhamisi, tukifunga majani ya tumbaku kwa fito kwenye shamba la watu huko karibu na Kehancha. Hata haikuuma. Niliangalia tu nikaona kidole ya kuonyesha ya mkono wa kulia imebaki butu, na kile kipande kimenasa kwa uzi pamoja na jani. Mama akasema pole, itamea. Nikamuuliza itamea lini na Jumapili ndio naenda kwa mjomba. Akaendelea kufunga tu.

Mjomba ni kaka yake mama, anakaa Homa Bay. Yeye ndiye alinifundisha gitaa, likizo zote za sekondari. Na hapigi na kile kiplastiki cha kushika mkononi. Anapiga na kucha zake. Kidole gumba inatembea na besi, hizi mbili zinazofuata zinaimba juu. Kiplastiki kinagusa waya moja kwa wakati, na nyimbo za mjomba zinataka sauti mbili zikijibizana. Ukikishika mbele yake anakuuliza kama unapiga gitaa ama unakuna sufuria.

Kwa hivyo alizichunga hizo kucha kama mtu anachunga ng'ombe wa maziwa. Wembe hapana. Alizisugua kwa ubavu wa kiberiti, pale pa kuwashia, akienda upande mmoja tu, halafu anapaka samli kidogo. Mimi nilikuwa nasugua mbele na nyuma ndio nimalize haraka, zinapasuka, anacheka. "Okewa, unakimbizwa na nani?" Okewa ndio Mjaluo humwita mtoto wa dada yake. Sijawahi kusikia akiniita kitu kingine.

Sasa alipigwa na stroke, ikampooza upande wa kulia. Mkono umelala, na maneno yanatoka moja moja. Anti, bibi yake, alipiga simu akasema ameomba kitu moja tu: ule wimbo aliomtungia anti wakati anamtafuta amuoe. Haujarekodiwa mahali popote. Wanaojua kuupiga ni yeye na mimi. Na yeye hawezi.

Hiyo ndio ilikuwa ndani ya kucha yangu.

Ijumaa nilikata kipande ya jerikeni, nikakifunga kwa kidole na selotepu. Kikateleza. Jumamosi nikaenda kwa dada mmoja wa saluni pale sokoni anibandikie kucha ya kununua, moja tu. Vijana wa boda walikuwa mlangoni. Mmoja akaniuliza, "Sister, na hizo zingine bwana atalipa lini?" Nilivumilia. Nilipofika nyumbani ile kucha ikawa laini, inapinda kwa waya kama karatasi. Nikaing'oa kwa hasira ikatoka na ngozi.

Jumapili Homa Bay nilimkuta anti akiparua mbuta, ule samaki mkubwa wa ziwa, nyuma ya nyumba. Gamba la mbuta ni kubwa, gumu, karibu saizi ya kucha. Nikaona nimepata. Nikachagua moja, nikaliosha, nikalianika juani dakika chache tu kwa sababu siwezi ngoja, nikalibandika na supaglu. Anti aliniangalia, akaendelea kuparua. Nikaingia ndani.

Mjomba alikuwa kitandani, mgongo umeegemezwa mito. Niliposhika gitaa alifunga macho. Nikaanza, na mwanzoni gamba likaimba, kweli. Halafu mkono ukatoa jasho, gamba likanywa maji, likaanza kujikunja, na kabla hata sijafika pale wimbo unageuka likachomoka likaanguka ndani ya tundu la gitaa. Nikamalizia na nyama ya kidole. Haikusikika. Besi ilikuwa inatembea peke yake, hakuna wa kuijibu.

Alifungua macho. Nikaanza kujieleza, tumbaku, jerikeni, saluni, naongea haraka haraka kama mtu ameshikwa na askari. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia juu ya blanketi. Na mimi nikauangalia.

Kucha zote zilikuwa pale. Ndefu, laini, zinang'aa samli. Mkono haushiki hata kijiko, lakini anti alikuwa anazisugua kwa kiberiti, upande mmoja, vile mjomba alikuwa anazisugua mwenyewe. Hakuna mtu alikuwa amesema kwa nini.

"Chukua," mjomba akasema.

Nikajifanya sijaelewa. Nikamwambia yangu itamea, nitarudi mwezi ujao. Akangoja nimalize, halafu akasema tena, "Okewa. Chukua."

Anti alileta mkasi mdogo akauweka kitandani, akatoka nje. Nilikata ya kidole ya kuonyesha. Kwa mara ya kwanza maishani nilifanya kitu polepole. Ilikuwa pana kuliko kidole changu, nikaisugua kingo mpaka ikakaa, nikaibandika, nikangoja gundi ishike kabisa. Nilipogusa waya ilitoka sauti yake. Si yangu. Yake, ile ya zamani ya likizo. Nikaupiga wimbo wote. Huko nje kisu cha anti kilinyamaza.

Nilidhani atafurahi, na nafikiri alifurahi, kwa sababu upande mmoja wa uso ulicheka. Lakini nilipomaliza akausukuma ule mkono kwangu kwa mkono wa kushoto, kama mtu anasukuma sahani ameshiba.

"Zote," akasema.

Nikakataa. Nikamwambia daktari amesema mazoezi, mkono unaweza kurudi. Hakubishana. Aliuacha tu pale mbele yangu.

Nilizikata. Anti aliporudi aliangalia ile mkono, akatoa kiberiti kwenye fundo la leso, akamwaga njiti zote mezani. Akanipa boksi tupu niziweke.

Ziko hapa. Yangu inamea, bado ni fupi. Tangu siku hiyo sijazitumia, na kutupa siwezi.